Siku ya Tatu Mpe Jembe

Hotuba ya amani ni utanzu wa fasihi yetu, ingawa sijawahi kuuona katika silabasi yoyote. Una msimu wake, kama mahindi: huchipuka miezi michache kabla ya uchaguzi, hustawi, na matokeo yakishatangazwa hunyauka. Una jukwaa lake, hema jeupe la kukodi na viti vya plastiki, na mlolongo wa wasemaji usiovunjwa. Padri hufungua kwa sala, sheikh hufuata kwa dua, mchungaji wa kanisa la kiroho huchangamsha, mwakilishi wa Serikali hutoa onyo ambalo yeye huliita ombi, na mwishoni kijana mmoja na mama mmoja hupewa dakika tano tano, wakati ambapo harufu ya pilau imeshafika jukwaani. Una methali zake na visa vyake kutoka vitabu vitakatifu. Una hata ishara zake za mwili: lazima itafika saa mtaambiwa mgeuke, mmshike jirani mkono, mmwambie mnampenda.

Nimezisikiliza hotuba hizi kwa miaka mingi, zaidi Mombasa na Kilifi, mara chache Bonde la Ufa, pengine nikiwa msikilizaji tu na pengine nimeitwa nitafsiri. Sijawahi kusoma uhakiki wa hata moja, na sababu naielewa. Kumhakiki mtu anayehubiri amani ni kama kumkosoa anayezima moto kwa jinsi anavyoshika ndoo. Lakini ndoo nyingine zina tundu, na nyumba inayoungua ni yetu sote, kwa hiyo acha nimtazame huyu mzima moto kwa karibu na kwa heshima anayostahili. Na anastahili. Wapo masheikh na mapadri niliowaona wakiingia mitaa ambayo hakuna mwingine aliyekuwa tayari kuiingia, bila mlinzi, wakiwa na kipaza sauti cha mkononi tu. Sihoji ushujaa wao. Nahoji sentensi zao.

Sentensi iliyo mhimili wa hotuba nyingi ni hii, hata isiposemwa kwa maneno haya haya: sisi ni watu wakarimu, dini zetu zinatuamuru tumkirimu mgeni, kwa hiyo tuishi kwa amani na wageni wetu. Kila kipande, ukikitazama peke yake, ni kizuri. Ukiviunga, kuna jambo limepitishwa bila mtu kuulizwa: kwamba kati yetu tuliokaa chini ya hema hili, wengine ni wenyeji na wengine ni wageni. Mgeni ni nani? Karibu na Eldoret ni Mkikuyu ambaye babu yake alinunua ekari zake kupitia kampuni ya ununuzi wa ardhi miaka ya 1960 au ya 1970. Likoni ni mtu wa bara. Mandera ni mwalimu aliyetumwa kutoka Machakos au Kisumu. Kila mmoja wao ana kitambulisho kama cha yule anayemkaribisha, na Katiba ya 2010, katika kifungu cha 39, inampa kila raia haki ya kuingia, kubaki na kuishi popote nchini. Neno mgeni halimo katika kifungu hicho. Limo katika hotuba.

Kiswahili chenyewe kinatoboa siri. Mwenyeji ni mwenye mji. Anayesema karibu ndiye mwenye mlango, na mwenye mlango anaweza kuufunga. Ndiyo maana lugha ya ukarimu na lugha ya kufukuza hukaa nyumba moja, zikipishana ukumbini. Katika machafuko ya Bonde la Ufa ya 1992, na tena ya 2007, neno lililotembea lilikuwa madoadoa. Doa ni kitu kilichoingia kwenye nguo bila kuwa cha nguo. Agosti 1997, wakati kituo cha polisi cha Likoni kilipovamiwa na watu wakauawa na kutimuliwa makwao, palikuwa na vipeperushi vilivyowaambia wabara warudi kwao. Rudi kwenu na karibu kwetu ni sentensi mbili zenye sarufi moja. Zote mbili zina hakika kwetu ni wapi na kwenu ni wapi.

Mimi nilizaliwa Likoni, baba yangu akiwa kibarua wa bandarini aliyekuja kutoka bara, kwa hiyo neno hili nalisikia kwa sikio lisilo la mtafiti. Katika mkutano mmoja huko ng'ambo ya feri, baada ya wasemaji wawili kuwasifu wenyeji kwa moyo wao wa kupokea watu, mama mmoja muuza mboga aliomba kipaza sauti. Hakuwa kwenye ratiba. Alisema: "Mchungaji, ustadh, poleni na kazi. Mimi nimezaa watoto saba hapa, na wawili nimewazika hapa. Nauliza tu, mtanikaribisha mpaka lini?" Watu walicheka, maana alilisema kwa utani, na mwongoza shughuli akamshukuru kwa mchango wake mzuri, akamwita msemaji aliyefuata. Swali halikujibiwa. Nadhani halikusikika kuwa ni swali.

Kisa kinachopendwa kuliko vyote katika mikutano ya dini mbalimbali ni kile cha Ibrahimu na wageni wake, kwa kuwa kimo katika Biblia na kimo katika Qur'ani, na kila upande unaweza kukisimulia bila kumkwaza mwenzake. Mzee anawaona watu, anawapokea, anaharakisha kwenda kuandaa ndama. Padri huanza, sheikh humalizia, watu huitikia amina. Lakini masimulizi haya mawili hayalingani, na pale yanapoachana ndipo penye mali. Katika kitabu cha Mwanzo wageni wanakula. Katika Qur'ani hawamnyooshei mkono yule ndama, na Ibrahimu anaingiwa na hofu. Hofu! Nabii, mbele ya watu aliowaandalia kwa mikono yake. Sijawahi kumsikia msemaji akisimama hapo hata kidogo. Huruka moja kwa moja kwenye bishara ya mtoto. Ilhali hofu ndiyo iliyotuleta wote chini ya hema: hofu ya jirani ambaye anajua nyumba ipi ni ya kabila gani, hofu ya ujumbe unaopita kwenye simu usiku, hofu ya kijana asiyejulikana aliyeanza kukaa kwenye kona ya mtaa wiki iliyopita. Laiti mtu mmoja angesema kwamba hata Ibrahimu aliogopa, tungekuwa na pa kuanzia pa kweli zaidi kuliko kushikana mikono.

Kisha upo ukurasa wa Ibrahimu ambao haufunguliwi kabisa. Huyu mkarimu hakuwa mwenyeji. Alikuwa ametoka Harani akaingia katika nchi ya watu, na hema lile tunalolisifu lilisimama kwenye ardhi ya wengine. Sara alipofariki, katika sura ya 23 ya Mwanzo, mumewe hakuwa na mahali pa kumzika. Akawaendea Wahiti, wenyeji wa pale, akakiri mbele yao kwamba yeye ni mgeni na mpitaji kati yao, akaomba apatiwe mahali pa kaburi. Wakamjibu kwa ukarimu wa kupigiwa mfano: wewe ni mtu mkuu kwetu, chagua kaburi lililo bora, umzike maiti wako. Efroni, mwenye shamba, akaongeza mbele ya watu wote kwamba shamba anampa, na pango lililomo anampa. Ibrahimu akainama kwa adabu, akakataa. Alitaka bei. Ikatajwa, shekeli 400 za fedha, naye hakuomba apunguziwe hata moja. Akazipima mbele ya mashahidi langoni pa mji, na shamba na pango na miti yote ya mle ikawa milki yake.

Kwa nini alikataa? Mimi naisoma hivi: kaburi ulilopewa na mwenyeji linabaki kuwa kaburi la mwenyeji. Siku Efroni akifa, au mwanawe akipata wa kumchochea, itasemwa kwamba babu yetu aliwapokea tu hawa. Ibrahimu alijua tofauti ya kupokewa na kuwa na hati. Hotuba zetu zinampenda Ibrahimu wa sura ya 18 na kumwacha wa sura ya 23 kwa sababu wa kwanza anadai moyo mwema, na wa pili anadai ofisi ya ardhi.

Msamaria mwema naye hufanyiwa dhuluma ya namna hiyo. Wasikilizaji huambiwa wawe kama yeye, wamhurumie mgeni aliyejeruhiwa njiani. Lakini katika kisa hicho mgeni si aliyejeruhiwa. Aliyejeruhiwa ni mtu aliyekuwa akishuka kutoka Yerusalemu, na mgeni, mtu wa kabila lililodharauliwa, ndiye aliyesimama, akamfunga majeraha, akalipa nyumba ya wageni dinari mbili kwa pesa zake. Kisa kilitungwa kumtoa mwenyeji jasho. Sisi tumekigeuza kikawa cha kumpongeza.

Na tuna methali yetu ambayo ingetosha kurekebisha yote haya, nayo wasemaji huitaja kwa kuomba radhi, kama vile wahenga walipitiwa na uchoyo siku hiyo: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lipo hata toleo refu la kuhesabu siku, ambalo linamfikisha mgeni siku ya kumi akiwa anatimuliwa kwa mateke, na hilo ndilo lililoiharibia jina methali yenyewe. Lakini itazame ile fupi. Jembe si adhabu. Mwenye jembe ana sehemu ya kulima, ana sauti katika kuchagua mbegu, ana dai wakati wa mavuno. Hadithi ya Mtume inayohesabu ukirimu wa mgeni kuwa siku tatu, na kinachozidi hapo kuwa sadaka, inasimama upande huo huo: ugeni una mwisho. Baada ya hapo ama wewe ni mmoja wa nyumba, ama ni mtu wa kuhurumiwa. Hotuba zetu zimewaweka watu siku ya pili kwa miaka sitini, wakipikiwa wali.

Hapa najua mwenzangu wa Pwani, Mdigo au Mgiriama, ameshainua mkono, na ana haki. Mbona namsema mwenyeji kana kwamba funguo ziko mfukoni mwake? Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908 ilimtaka kila mwenye madai katika ukanda wa pwani ayawasilishe. Wenye nyaraka na njia ya kufika kwa msajili walipata hati. Mijikenda wengi hawakupata, wakaamka siku moja wakiwa maskwota mahali walipozikwa mababu zao, na hadi leo Kwale na Kilifi kuna watu wanaolima shamba ambalo mwenyewe hawajawahi kumwona. Basi mwenyeji huyu anaombwa awe mkarimu katika nyumba ambayo kisheria si yake, pengine mbele ya mgeni ambaye hati anayo. Ukarimu hauwezi kubeba mzigo huo. Unamwambia asiye na kitu agawe, na aliyelipa thamani ashukuru. Wote wawili hurudi nyumbani wakihisi wamedharauliwa, wasijue ni kwa nini, kwa maana maneno yaliyosemwa yalikuwa mazuri.

Nikitaka kuona jinsi neno hili linavyomeza visa, hutazama lilivyoifanya habari ya basi la Mandera. Tarehe 21 Desemba 2015 basi lililokuwa likielekea Mandera lilishambuliwa na Al-Shabaab karibu na El Wak. Washambuliaji waliwataka abiria wajitenge, Waislamu huku, wengine kule. Abiria walijua maana ya kutengana: Novemba 2014, katika basi jingine la njia hiyo hiyo, watu 28 walitengwa na wenzao wakauawa. Safari hii wanawake Waislamu waliwapa hijabu zao Wakristo waliokuwa karibu nao, na abiria wakakataa kugawanyika, wakawaambia wale watu wawaue wote au wawaache wote. Walikuwapo waliouawa siku hiyo hata hivyo. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi, akafariki Nairobi Januari 2016.

Tukio hilo limezaa filamu fupi, Watu Wote, ya 2017, iliyoongozwa na Katja Benrath akiwa mwanafunzi wa chuo cha filamu cha Hamburg, ikazungumzwa kwa Kiswahili na Kisomali, na 2018 ikateuliwa kuwania tuzo ya Oscar ya filamu fupi. Nimeiona ikioneshwa kwenye ukuta wa ukumbi wa kanisa, shuka jeupe likiwa skrini. Ni filamu nzuri, na uzuri wake mkubwa uko katika kitambaa: jinsi nguo inavyopita kutoka kichwa hadi kichwa bila hotuba, mikono ikifanya haraka kazi ambayo mdomo hauna muda nayo. Udhaifu wake, kwangu mimi, ni kwamba imempa uzito wote mwanamke mmoja Mkristo, Jua, ambaye tayari ana uchungu wake na Waislamu kabla basi halijaondoka. Kwa hiyo basi linakuwa tiba yake. Linakuwa kisa cha mtu mmoja aliyeumia na mtu mmoja mwema, na wasemaji wa amani hukipokea kwa mikono miwili, kwa kuwa umbo hilo wanalijua. Usiku ule, taa zilipowashwa, msemaji alisimama akasema Waislamu wale waliwakaribisha ndugu zao Wakristo chini ya hijabu zao.

Waliwakaribisha? Katika basi? Basi halina mwenyeji. Kila mtu amelipa nauli, kila mtu ana kiti, na kama kuna mwenye nyumba basi ni kampuni ya mabasi, nayo haikuwapo. Uzito wa tendo lile uko hapo hapo. Washambuliaji ndio waliokuja na lugha ya wenyeji na wageni. Ndio waliotaka kujua nani wa hapa na nani si wa hapa. Jibu la abiria halikuwa kwamba hawa ni wageni wetu, tuwahurumie. Jibu lilikuwa kukataa swali. Kaskazini Mashariki swali hilo si la wauaji peke yao. Maofisini na shuleni mwalimu kutoka kaunti nyingine huitwa asiye mwenyeji, kwa upole kabisa, na baada ya mauaji ya 2014 wengi wa walimu hao walikataa kurudi. Mwalimu Farah na abiria wenzake walifanya, kwa dakika chache, kitu ambacho mahubiri yetu hayajapata neno lake. Si ukarimu. Labda ni uabiria, kama lugha itaniruhusu.

Baada ya ukarimu, hotuba huingia kwenye maridhiano, na hapo mimi huanza kutazama saa. Tuna maneno matatu mazuri na tunayachanganya. Suluhu ni ya kumaliza ugomvi, na mara nyingi kuna mtu wa tatu anayeileta. Maridhiano yanatokana na kuridhi. Yanadai hali ya moyo, na Zanzibar, tangu 2009 na 2010, neno hilo limekuwa hata jina la mapatano ya vyama. Kupatana ndilo neno ninalolipenda, kwa sababu ndilo la sokoni: tunapatana bei. Kupatana kunataka pande mbili, kila moja ikiwa na kitu mkononi, na kunataka kiasi kitajwe, kama Efroni alivyokitaja. Hotuba hudai maridhiano kwa sababu hayana kiasi. Mtu aliyechomewa nyumba anaombwa aridhike moyoni, leo, kabla ya chakula, na aliyechoma, ambaye pengine ameketi safu ya nne, haombwi chochote ila naye aitikie amina. Kisha hufungwa kwa methali: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Hakuna methali iliyowahi kutumika vibaya hivi. Mganga gani husema ugonjwa si ugonjwa kabla hajamgusa mgonjwa?

Yaliyopita hapa kwetu yameandikwa. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikabidhi ripoti yake kwa Rais Mei 2013. Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliomba msamaha Bungeni kwa niaba ya Serikali kwa maovu ya zamani, akatangaza mfuko wa shilingi bilioni 10 kwa ajili ya waathirika. Hapo angalau kiasi kilitajwa. Kulipwa ni habari nyingine, na waathirika wangali wakidai. Sijasikia hotuba ya amani iliyouulizia mfuko huo, ingawa wasemaji wetu wana ujasiri wa kutosha kumuulizia kila mtu hali ya moyo wake.

Maandishi bora ya maridhiano yaliyotoka katika jumuiya za dini nchini Kenya hayakuwa hotuba. Yalikuwa tamko la viongozi wa Baraza la Kitaifa la Makanisa, Februari 2008, wakati nchi ikiwa bado inafuka moshi, zaidi ya watu 1,100 wakiwa wameuawa au wakiendelea kuuawa. Viongozi hao walikiri kwamba wao wenyewe waliegemea upande, kwamba walikuwa wamegawanyika kama siasa ilivyogawanyika, na kwa sababu hiyo walishindwa kuwaunganisha watu, wakaomba msamaha. Lugha yake ni kavu. Hakuna njiwa, hakuna mto wa amani. Kuna watenzi na kuna vitenzi: sisi, tulifanya. Mhakiki anayetafuta sitiari hatapata kitu humo, na mimi ningebadilisha sitiari zote za msimu mzima wa hotuba kwa ile nafsi ya kwanza wingi yenye kitendo kibaya mbele yake.

Wiki chache kabla ya tamko hilo, tarehe 1 Januari 2008, kanisa la Kenya Assemblies of God la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa moto watu wakiwa ndani, wengi wao wanawake na watoto waliokuwa wamekimbilia humo. Jina Kiambaa lilitoka Kiambu, likaja na watu walionunua ardhi ile. Kwa waliokuja nalo ni ukumbusho wa nyumbani. Kwa jirani lilisikika kama kigingi kilichopigwa kwenye shamba la mtu. Leo kuna makaburi mahali pale. Ndiyo maana nashikilia ule ukurasa wa pango la Makpela. Watu hawa wamezikwa katika ardhi ambayo wazazi wao waliinunua, na bado mtu husimama jukwaani, kwa nia njema isiyo na shaka, akawashukuru wenyeji kwa kuwapokea.

Hotuba bora niliyowahi kuisikia ilitolewa na ustadh mmoja kijana, si mbali na soko la Kongowea. Hakumgusa Ibrahimu. Alichukua Madina, siku Mtume alipounga undugu kati ya Muhajirina waliotoka Makka na Ansari wenye mji. Saad bin Rabii, Ansari, alimwambia ndugu yake mpya Abdurrahman bin Auf achukue nusu ya mali yake. (Ofa ile ilikuwa na sehemu ya pili, kuhusu wake, ambayo ustadh aliipitia mbio mbio na kinamama wakamzomea kwa kicheko.) Abdurrahman alimwombea Mungu ambariki katika mali yake na watu wake, kisha akasema: nionyeshe soko liko wapi. Akaonyeshwa soko la Bani Qaynuqaa, akaenda, akarudi na jibini na samli.

Ustadh akanyamaza kidogo, akauliza: "Na sisi hapa, mtu akituuliza soko liko wapi, tunamwonyesha?"

Ratiba ilivunjika hapo. Mama mmoja wa samaki alisema vibanda vinavyotazama barabara havipatikani ila kwa kumjua mtu, na akaeleza ni mtu wa aina gani. Mwuza vitunguu, ambaye Kiswahili chake kilibeba Nyeri yote, akamjibu kwamba yeye alilipia kibanda chake miaka kumi na minne iliyopita na risiti anayo, na ushuru anatozwa mara mbili kwa siku kwa sababu wenye kukusanya wanajua hana pa kushtaki. Mzee wa Kigiriama akasimama kwa fimbo yake, akasema nazi zinatoka shambani kwao lakini mwanawe hajawahi kupata hata mita moja ya kuziuzia, na yeye aliye na risiti amwambie alimlipa nani. Yule akasema atamwambia, baba, na akamtaja. Zikapanda sauti. Mchungaji alijaribu kuwasimamisha watu waimbe, padri akamvuta kanzu akae. Ilichukua zaidi ya saa moja, na hakuna aliyeambiwa amshike jirani mkono. Afisa wa Serikali, ambaye zamu yake ilikuwa haijafika, aliikunja hotuba yake akaitia mfukoni, akaazima kalamu kwa padri, akaanza kuandika nambari za vibanda nyuma ya ratiba. Pilau tuliila baridi.